Namba Saba ya Romanus

Tangu Jumatatu ya wiki ile Wendelin Ndunguru hakuweza kukaa kitako. Akianza kuanika kahawa kichanjani, aliiacha nusu akaenda kutazama pikipiki. Akifika kwenye pikipiki alikumbuka nyuzi za gitaa. Akishika nyuzi alitoka tena nje kuangalia mawingu, ingawa ulikuwa mwezi wa saba na kila mtu kijijini Maguu alijua mvua haiko karibu. Mkewe, Clemence, alimtazama siku mbili bila neno. Siku ya tatu akamwambia, "Baba Ida, kama ni harusi inayokusumbua, sema. Kama si harusi, niachie kahawa yangu. Unaipindua kama chapati."

Ilikuwa harusi. Jumamosi Eunice alikuwa anaolewa kwao Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na bendi ya Wendelin ndiyo iliyoombwa kupiga.

Eunice alikuwa mjane wa kaka yake. Romanus, kaka mkubwa, ndiye aliyeianzisha bendi ile. Aliimba na kupiga gitaa la solo. Eunice, mwalimu wa fizikia aliyepanda kutoka ziwani kuja kufundisha Mbinga, alipiga kinanda. Wendelin alipiga besi na kufuata anakopelekwa. Miaka mitano iliyopita figo zilimwondoa Romanus ndani ya miezi mitatu. Wendelin akaliweka chini gitaa la besi, akalichukua la kaka yake pamoja na pedali zake zote, na Eunice akaendelea na kinanda palepale ubavuni, kana kwamba wamekubaliana, ingawa hawakuwahi kukaa wakaliongea.

Kilichomuudhi Wendelin ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Mama yao mzazi, Mama Hildegardi, ndiye aliyemwita Eunice jikoni mwaka juzi na kumwambia, "Mwanangu, umelia vya kutosha. Mtu mwema akikuuliza, mjibu." Mtu mwema akauliza. Aliitwa Hamphrey, fundi wa injini za boti, na hata wambea wa sokoni walikosa la kusema juu yake. Kwa hiyo siku Eunice alipomwuliza Wendelin, "Shemeji, mtatupigia?" alijibu, "Tutapiga," upesi mno, kama mtu anayetaka mlango ufungwe.

Tatizo lilikuwa miguu yake.

Gitaa la Romanus lilipita kwenye pedali tatu kabla ya kufika kwenye spika: moja ya kulikwaruza, moja ya kulitikisa sauti kama maji, na moja ya mwangwi. Kila wimbo ulitaka mchanganyiko wake, na katikati ya wimbo, kutoka ubeti kwenda kiitikio, mpigaji alitakiwa kuzikanyaga zote tatu kwa pamoja. Romanus aliimba amefumba macho, alizikosa. Ndipo Eunice alipochimba mtandaoni mwezi mzima, akaagiza waya wa midi na kuutoa kwenye kinanda chake hadi kwenye pedali za mumewe.

"Midi haibebi sauti," aliwaeleza siku ile kwa sauti ya darasani. "Inabeba amri. Mimi nikituma namba nne, kila pedali inajua kwake nne ni nini. Huyu awake, yule azime, wa mwangwi ajibu polepole. Nyinyi pigeni, mengine niachieni."

Wakamwachia. Kwa miaka yote ile sauti ya gitaa ilibadilika yenyewe chini ya vidole vya Romanus, na baadaye chini ya vidole vya Wendelin, na Wendelin hakuwahi hata mara moja kuinama kuangalia. Miguu yake ilikuwa ya kusimamia tu.

Sasa bibi harusi hawezi kukaa kwenye kinanda siku ya harusi yake. Na baada ya harusi hatarudi Mbinga. Uhamisho wake ulishapita. Nafasi yake ilichukuliwa na Glorious, muuguzi kijana kutoka Litembo, mwenye vidole vyepesi, lakini kinanda chake hakikuwa na tundu la waya ule. Eunice akatafuta njia nyingine. Alipata kontrola ya kukanyaga, bapa la chuma lenye vitufe vinane, kila kitufe na namba yake. Akaipanga mwenyewe, namba kwa namba, na Alhamisi akaja nayo kwenye ukumbi wa parokia kumfundisha shemeji yake kukanyaga.

Wendelin hakufundishika. Alisimama, akakaa, akakaza uzi ambao haukulegea.

"Moja ni safi, haina kitu," Eunice alisema. Alikuwa amechuchumaa sakafuni na kalamu sikioni. "Mbili ni ya zile za kanisani. Nne ni ya kucheza. Sita ni ya kuingia maharusi. Shemeji, unanisikiliza?"

"Naelewa."

"Sijakuuliza kama unaelewa."

"Nasikiliza, Mwalimu."

Akabonyeza saba kwa kidole gumba cha mkono, taa ndogo ya kijani ikawaka. "Saba unaijua. Jumamosi usiiguse. Iache ilale."

Aliijua. Saba ulikuwa mwangwi mrefu wa Romanus, ule alioutengeneza kwa ajili ya wimbo wake wa mwisho, wimbo wa milima ya kwao. Ulikuwa kama mtu anayeita kutoka upande huu wa bonde, na upande wa pili anaitika mtu mwingine, wa mbali zaidi, asiye na haraka. Waliupiga mara moja tu kwa mwaka, baada ya misa ya kumbukumbu. Wendelin alikuwa akifumba macho unapoanza na kuyafumbua unapokwisha, na katikati ya hapo alikuwa na kaka.

Simu ya Eunice ikaita. Ilikuwa shangazi yake, Otilia, juu ya gauni. Eunice akaenda dirishani kunakoshika mtandao, akawa anazungumza Kinyasa kwa haraka na kucheka. Wendelin alibaki amesimama juu ya pedali, na kicheko kile kikamwingia mwilini kama upupu. Bila kufikiri, kwa ncha ya kiatu, akawa anakizungusha kitasa cha mwangwi: mpaka mwisho wa kushoto, kurudi, mpaka mwisho wa kushoto tena. Kisigino chake kilikuwa kimelala juu ya kitufe cha pedali.

Taa ikageuka nyekundu. Ikapepesa mara tatu.

Maana ya kule kupepesa alikuwa ameambiwa mara ishirini. Ukikandamiza kitufe kwa kitambo, pedali inachukua ilivyo sasa hivi na kuiweka juu ya ilivyokuwa. Haiulizi. Ya zamani inafutika.

Eunice alirudi, akamaliza somo, akamwandikia orodha ya namba kwenye karatasi na kuandika jina la Wendelin juu kama karatasi ya mtihani, akaaga kuwahi gari la kushuka Nyasa. Alipotoka tu Wendelin akakanyaga saba na kupiga uzi mmoja. Ukalia *ting*, mkavu, kama kijiko kwenye sufuria tupu. Akazungusha kitasa huku na huku. Akapata mwangwi wa pangoni, mwangwi wa chooni, mwangwi wa mlevi. Wa Romanus hakuupata. Aliendelea mpaka mlinzi wa parokia akaja na funguo na kusimama mlangoni.

Ijumaa asubuhi waliteremka kwa pikapu ya Edmund, mpiga ngoma, Glorious kaketi katikati na begi la kinanda magotini. Mbinga waliiacha ikiwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Barabara ilipoanza kujikunja kuelekea ziwani, makoti yakavuliwa moja moja. Wendelin aliomba gari lisimame kukaza kamba. Likasimama. Baada ya kona tano akaomba tena, aone kama spika zimekaa sawa. Mara ya tatu Edmund hakuzima injini.

"Kaka," alisema, "spika hazijashuka garini. Una nini wewe?"

"Gitaa linapata joto ghafla. Nyuzi zitalegea."

"Nyuzi zikilegea tutazikaza. Wewe ukilegea tutakukaza na nini?"

Glorious akacheka, kisha akaona uso wa Wendelin akaacha. Walipita Mbamba Bay bila kushuka, wakashika barabara ya vumbi ya kwenda Liuli, ziwa likiwa upande wa kushoto, limetulia kama bati. Wendelin alikuwa akijisemea maneno atakayomwambia Eunice. Aliyapanga vizuri, yakaja mafupi na ya kiume. Kila walipovuka daraja yalivurugika akaanza upya.

Hamphrey aliwapokea nyumbani kwa wazazi wake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye alama nyeusi za oili zisizotoka kwenye mistari ya viganja. Alimshika Wendelin mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, kaka. Poleni na safari."

Wendelin akafungua mdomo kuitikia, akakosa neno la kumwitia. Mume wa dada yako ni shemeji. Mke wa kaka yako ni shemeji. Mtu anayemwoa mjane wa kaka yako, Kiswahili hakikumpa jina, na kama Kimatengo kilikuwa nalo, Wendelin hakufundishwa. "Asante," alisema, "asante, bwana," na akaona Hamphrey ameliona lile pengo na kulipita bila kulikanyaga.

Waliletewa samaki aina ya mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo. Wendelin alikula matonge matatu akanyanyuka. Alikwenda nyumba ya pili, kwa kina Eunice, na kubisha mlangoni. Alitoka shangazi Otilia, mama mnene aliyevaa kitambaa kichwani na pini mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Namwomba Eunice dakika mbili. Ni habari ya vyombo."

Otilia akazitoa pini mdomoni ili aseme vizuri. "Bwana harusi mwenyewe hajamwona tangu juzi, sembuse mpiga gitaa. Vyombo vyako viambie vingoje."

Basi maneno yakabaki tumboni. Alishinda mchana ule akitembea ufukweni kutoka miamba hadi miamba, wanawake wanaoanika dagaa wakimsalimia akienda na kumsalimia akirudi, mpaka mmoja wao akamwuliza kama amepoteza kitu. Akasema ndiyo. Mama yule akamwuliza ni nini, amsaidie kutafuta. Wendelin akacheka, akaenda zake.

Jumamosi kanisa la Waanglikana lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wendelin hakuingia, alisema anafunga vyombo. Sherehe ilipangwa uwanja wa shule, chini ya maturubai mawili yaliyounganishwa. Saa nane vyombo vilikuwa tayari, spika zinanguruma kidogo, karatasi ya Eunice imebandikwa kwa gundi kwenye kipande cha ubao mbele ya kontrola. Mshereheshaji akatangaza kwamba maharusi wapo getini. Edmund akahesabu kwa vijiti. Sita, Wendelin alijiambia, sita ni ya kuingia maharusi.

Wakaingia. Eunice alivaa gauni la rangi ya maziwa, bila shela, na glavu nyeupe zilizofika viwikoni. Alitembea akitazama mbele. Hamphrey alikuwa akitoka jasho na kutabasamu. Wendelin alimtazama Eunice, akauona uso ule aliozoea kuuona ubavuni mwake, juu ya kinanda, sasa unakuja kwake kutoka mbele kama wa mtu asiyemjua, na mguu wake ukashuka bila kuutazama.

Ukaangukia saba.

Gitaa likalia kavu. Wageni hawakugundua kitu. Kwao lilikuwa gitaa linalolia, na Glorious alikuwa ameufunika wimbo kwa kinanda. Vigelegele vilipanda vilevile. Ila katikati ya vigelegele bibi harusi aligeuza shingo upande wa bendi, ghafla, kama mtu aliyeitwa jina. Aliitazama kontrola. Taa ya saba ilikuwa inawaka.

Wendelin akakanyaga sita. Sauti ikanenepa, wimbo ukaenda, maharusi wakafika kwenye viti vyao.

Tangu hapo ikawa hivi. Kila wimbo ulipotaka kubadilika, Eunice aliinua mkono wake wenye glavu kutoka mezani na kuonyesha vidole: viwili, vinne, vitatu. Aliinua kidogo tu, kama anayerekebisha maua, lakini Wendelin aliviona hata asipotaka, na mguu wake ulitii. Hamphrey aliviona pia, akaviona na mshereheshaji, ambaye alikosa adabu ya kunyamaza. "Ndugu zangu," alipaza sauti, "bibi harusi anafundisha hesabu hadi leo!" Watu wakacheka. Masikio ya Wendelin yakawaka moto. Na ubaya ni kwamba bila vile vidole angekosea. Alijua angekosea, akavichukia na kuvingoja.

Chakula kilipoanza kugawiwa, muziki ukapumzishwa. Eunice akanyanyuka. Alimnong'oneza mumewe neno, akakata uwanja moja kwa moja kuja kwenye bendi, huku shangazi Otilia akimkimbilia nyuma ameshika pindo la gauni lisikokote vumbi.

"Unakwenda wapi? We mtoto! Watu wanatazama!"

"Nawasalimia wapiga muziki, shangazi."

Hakuwasalimia. Alipita nyuma ya spika kubwa, mahali penye kivuli, akachuchumaa na gauni lake mbele ya pedali, akabonyeza saba kwa kidole cha glavu. Akamtikisia kichwa Wendelin: piga. Wendelin akagusa uzi. *Ting.*

"Imekufa," alisema Eunice.

"Nimeiua mimi. Alhamisi. Ulipokuwa kwenye simu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaolewa."

"Naolewa sasa hivi, Wendelin. Alhamisi nilikuwa sakafuni na kalamu sikioni."

Yale maneno mafupi ya kiume hayakuja hata moja. Yalikuja mengine. "Ndicho kitu pekee kilichobaki. Nguo tuligawa. Viatu nimevaa vimekwisha. Sauti yake kwenye simu mama alifuta bila kujua. Kilibaki kile tu, na mimi nimekifuta kwa kisigino. Kwa kisigino, shemeji! Nilikuwa nacheza na kitasa kwa sababu ulikuwa unacheka."

Otilia, aliyekuwa bado ameshika pindo, akaligeuza jicho lake pembeni kutazama wali unavyogawiwa.

Eunice alivua glavu ya mkono wa kulia, polepole, kidole kimoja kimoja, akaikunja. Kisha akasema, "Ile haikuwa ya Romanus."

"Nini?"

"Ya Romanus ilikufa mwaka ule ule aliofariki. Unakumbuka umeme ulivyopiga ukumbini, pedali ya mwangwi ikatoa moshi? Nikaipeleka kwa fundi Songea. Ilirudi nzima lakini tupu, hakuna namba hata moja ndani. Zile nyingine nilikuwa nimeziandika. Saba hakuwahi kuniruhusu niiandike, alisema itaharibika. Nikaitafuta kwa masikio. Nilikuwa na rekodi mbovu kwenye simu, ya harusini Kigonsera, watu wanapiga kelele juu yake. Wiki tatu nilizungusha vitasa. Nilifika karibu. Karibu tu. Mwitikio wa pili wa Romanus ulikuwa unachelewa kidogo, sikuupata kamwe."

"Mimi nilipiga ile," Wendelin alisema. "Kwenye misa ya mwaka."

"Ulipiga. Ukalia. Ukaniambia, 'Huyu hapa.' Ningekwambiaje wakati ule?"

"Ungeniambia kesho yake. Ungeniambia mwaka uliofuata."

"Ni kweli, nilipaswa kukwambia."

"Miaka minne nafumba macho kama mjinga."

"Najua. Nilikuwa nakutazama."

Wendelin aligeuka. Alitaka kutoka pale aende popote, ziwani, barabarani, Maguu kwa miguu, lakini gitaa lilikuwa limemfunga kwa mkanda na waya. Alikuwa amejiandaa kwa siku tatu kuomba msamaha, na sasa alijikuta ana hasira, nayo ilimkaa vizuri kuliko hofu, ilimnyoosha mgongo. "Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo," Eunice alijibu. Macho yake yalikuwa na maji lakini hayakudondoka. "Nilidhani nikikwambia atakufa mara ya pili, na safari hiyo mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Kwa hiyo nikanyamaza. Si vizuri, lakini ndivyo nilivyofanya."

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. Akina mama wanaocheza kioda walikuwa wamejipanga, alisema, ngoma zao tayari, na wanaomba gitaa liwafuate. Chini ya turubai la pili walisimama wanawake kama ishirini katika sare nyeupe, wa umri wa Mama Hildegardi na zaidi, wanajitikisa mabega kupasha moto.

"Kioda hatuna namba yake," Eunice alisema, akijifuta macho kwa glavu. "Nne inakaribia. Nitakuonyesha—"

"Usinionyeshe vidole tena."

Alisema kwa ukali kuliko alivyotaka. Eunice akamtazama, kisha akatikisa kichwa mara moja kukubali, akanyanyuka, na Otilia akapiga vumbi kwenye gauni kwa viganja, pa, pa, pa, akimwongoza kurudi kama mtoto aliyeanguka. Alipofika kwenye kiti chake aliiweka mikono yote miwili chini ya meza.

Ngoma za kioda zikaanza. Wendelin akakanyaga nne. Haikufaa: ilikuwa nzito, ilikanyaga mapigo ya akina mama badala ya kupita katikati yake. Akakanyaga mbili; ikawa kanisani. Akajaribu tatu, Glorious akamkunjia uso. Basi akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya mbele ya watu. Alipiga magoti. Harusi nzima inamtazama, gitaa linaning'inia, akaanza kuzungusha vitasa vya pedali kwa mkono, kimoja baada ya kingine, akigusa uzi na kusikiliza, akigusa tena. Edmund alidhani kuna kitu kimeungua akainuka kwenye ngoma zake kuja kuona. "Kaa, piga," Wendelin alimwambia. "Usiache kupiga."

Akasimama na mwangwi mwingi mno. Kiongozi wa kioda, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Kunigunda, akatoka kwenye mstari akiwa bado anacheza, akamjia hadi puani.

"Baba, punguza hiyo! Tunakanyagana na miguu ya jana!"

Watu wakaangua kicheko, hata Wendelin akacheka, kicheko kilichomtoka kama chafya. Akapiga goti tena. Akapunguza. Akaupa mwangwi nafasi ya kujibu mara moja tu, upesi, kabla ya pigo linalofuata, akaongeza mkwaruzo kiasi cha chumvi. Akapiga. Bi Kunigunda akainua kidole juu bila kugeuka: hapo. Mabega yote yakashuka pamoja. Mstari ukaenda mbele, ukarudi, na gitaa likawa linapita kati ya nguo nyeupe likitafuta pa kukanyaga na kupapata. Alipiga kwa macho wazi kwa sababu hakuwa na uhuru wa kuyafumba. Kila walipobadili hatua alilazimika kuinama na kurekebisha, na mara mbili alichelewa, akawaona akina mama wakimngoja kwa kujitikisa palepale mpaka awafikie.

Hamphrey alikuja kucheza mbele ya bendi, vibaya sana, mikono juu. Alipokaribia Wendelin alisema karibu na sikio lake, "Asante kwa kuja. Najua si rahisi." Wendelin akaitikia kwa kichwa. Mikono ilikuwa na kazi.

Jioni, kabla jua halijazama, walifungasha vyombo. Eunice alikuja kuwaaga akiwa amebadili gauni, amejifunga vitenge. Alimkumbatia Glorious, akampa Edmund mkono. Kwa Wendelin alisimama hatua moja mbali.

"Bado una hasira."

"Bado."

"Sawa," alisema. "Salimia mama. Mwambie nimekula."

Wendelin hakumwambia kwamba amemsamehe, maana ingekuwa uongo, na uongo ulitosha. Alimwambia lililokuwa kweli: "Ulipendeza, shemeji." Akapanda garini waende kulala Mbamba Bay, akatelemsha kioo, akakipandisha, akakitelemsha tena.

Njiani kurudi, Jumapili, hakuomba gari lisimame hata mara moja, ila hakulala pia. Kutoka Mbamba Bay hadi kona za juu alikuwa akimwuliza Glorious maswali: kama kinanda chake kinaweza kubadilishwa, yeye mwenyewe anapenda nyimbo gani, kama pale Litembo wanacheza ngoma ya lindeku harusini au wameacha. Glorious alikuwa na nyimbo zake mbili alizotunga zamu za usiku na hajawahi kumwonyesha mtu. Aliziimba garini kwa aibu. Ya pili ilikuwa nzuri. Edmund akaigonga kwenye usukani.

Mwezi wa nane walipiga Litembo, kwenye jubilei ya masista. Wendelin aliikanyaga kontrola mwenyewe. Alikosea mara nne, moja kati ya hizo kwenye wimbo wa sadaka, ambapo gitaa lilinguruma kama trekta na Sista mmoja mzee akajishika kifua. Wimbo wa pili wa Glorious waliupiga mwisho, na waliombwa kuurudia.

Hasira ilimchukua muda. Ilikuwa ikija asubuhi akiwa kichanjani, ikienda mchana. Kuna siku alimwandikia Eunice ujumbe mrefu akaufuta, na kuna siku Eunice alimtumia picha ya ziwa bila maneno, naye akaiangalia siku nzima asiijibu. Mwishoni mwa mwezi wa tisa, kahawa imekwisha kuvunwa, alikuwa amekaa ameegemea ukuta anabadilisha nyuzi, akashindwa kukumbuka jinsi ya kuzipeleka pedali mbili kwenye chaneli tofauti za midi. Aliwaza dakika kumi nzima. Kisha akapiga simu.

"Shemeji," alisema Eunice, kabla yeye hajasema chochote. Nyuma yake injini ya boti ilikuwa inajaribiwa, ikiwaka na kuzima. "Ngoja nitoke nje, hapa kuna kelele. Haya. Sema."